Siku Mwano Ulipotukuta Mbugani

Petroli iliyochanganyika na tope bichi ina harufu yake, nzito, ya kukaa kooni, na mimi niliivuta masika nzima nikiwa nimebana shavu kwenye mgongo wa baba. Tuliishi Magu. Baba alikuwa Mhaya, bwana mifugo, mmoja wa wale waliopunguzwa kazini serikali ilipoamua kwamba mambo yatajiendesha yenyewe. Majosho yakakauka, dawa za ng'ombe zikahamia madukani, na baba akanunua pikipiki chakavu ya mradi uliofungwa, akafunga sanduku la sindano kwenye keria, akaanza kutibu mifugo ya watu kwa malipo. Likizo ya Pasaka mama alikuwa ameenda Bukoba kumuuguza bibi, kwa hiyo mimi, Koku, mtoto pekee, nikawa mzigo mwingine wa pikipiki. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na sikulalamika hata kidogo.

Barabara ya kwenda vijijini ilikuwa barabara kwa jina. Malori ya wanunuzi wapya wa pamba, ambao siku hizo walizuka kama uyoga, yaliichimba wakati wa kiangazi, kisha mvua ikaja kujaza mashimo. Baba aliiacha, akawa anakata mbugani moja kwa moja, juu ya ule udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka ukameza mguu wa mbuzi, na masika hugeuka uji. Kuendesha pale ni elimu ya peke yake. Aling'oa madigadi ya mbele ili tope lisikabe gurudumu, akapunguza upepo mpaka matairi yakalegea. Aliendesha akiwa amesimama, magoti yamekunjwa, uzito wote ameurudisha nyuma, na mimi nilitakiwa kulala upande anaolalia yeye. Gia ni namba mbili tu. Breki huigusi, na moto, ule wa mshiko wa kulia unaoipa injini nguvu, huuachii hata kidogo, maana ukilegeza tu, gurudumu la mbele linazama na la nyuma linajichimbia kaburi. "Moto ndio unaotushika juu, Koku," alikuwa akiniambia, kwa sauti ya mtu anayefundisha sala. Nami nilipenda kupita kiasi. Pikipiki iliyumba mkia huku na huku, tope likaruka nyuma yetu juu kuliko kichwa changu, na chini hapakuwa na kitu kigumu cha kutegemea, ni mwendo tu. Sijapata tena kuona raha na hofu vikikaa kiti kimoja namna ile.

Siku ninayoisema tulikuwa tunatoka kwa mzee mmoja ambaye ng'ombe wake alishindwa kuzaa. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Huyu alizaa jike, ila baba alimvuta ndama yule kwa kamba tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa la utosi. Tulipoondoka, ovaroli yake ilikuwa na damu mpaka viwikoni, kamba ameizungusha kwenye usukani, kisu kiko kiunoni. Hakukuwa na maji ya kutosha ya kunawa, na mbinguni wingu lilikuwa limeshaiva, basi akasema tutanawa nyumbani. Tulikuwa katikati ya mbuga, ziwa likimeta mbali mbele yetu na vilima vya mawe vikiwa nyuma, niliposikia sauti ya mwanamke ikipanda na kukatika, ikipanda na kukatika. Sauti nyingine ikaipokea, kisha filimbi, kisha sauti nyingi. Mgongo wa baba ukakakamaa.

Huo ulikuwa mwano. Kwa Wasukuma wa wakati ule, enzi za sungusungu, wale walinzi wa vijiji, mwano haukuwa kelele ya mtu kuitikia akipenda. Ng'ombe wameibiwa, au mtu ameuawa, na kila mwanamume anayesikia anaacha jembe, anaacha ugali, anakimbilia unakotokea. Asiyekwenda anatozwa faini. Anayekimbia kwenda upande mwingine hatozwi kitu, kwa sababu huyo ameshajulikana kuwa ndiye mwizi. Mwenda kwao si mtoro, tulifundishwa shuleni, na sisi kweli tulikuwa tunakwenda kwetu. Lakini tulikuwa tumeupa mwano mgongo, kwenye chombo chenye mbio, nje ya njia, tukiwa na kamba na kisu na damu ya ng'ombe. Na baba hakuwa Msukuma, na vijiji vya upande ule wa mbuga havikumjua.

Kutoka kwenye kaya zilizokuwa kushoto kwetu nikaona watu wanatoka, wengine na pinde, wengine na marungu, wakikata kuja mbele yetu. Nilihisi baba akivuta moto, halafu akaulegeza kidogo, kisha akauvuta tena. Nilielewa kilichomsumbua, maana ndicho alichonifundisha masika nzima. Tukisimama tunazama, hatutoki pale bila msaada wa watu hao hao. Tusiposimama, tumekiri. Nilianza kulia bila sauti, nikamshika ovaroli kwa meno.

Baba akaachia moto. Pikipiki ikajikita kama ng'ombe aliyegoma, tope likapanda mpaka kwenye ekseli, injini ikazima. Alishuka, akanitazama usoni. "Usitoke hapa," alisema. "Usikimbie, hata ukiona nini. Ukiulizwa, sema baba amekwenda kwenye mwano." Kisha akainua kichwa akapiga mwano yeye mwenyewe, kwa lafudhi yake ya Kihaya, akageuka akaanza kukimbia kurudi tulikotoka, akizama na kujing'oa, akizama na kujing'oa, mpaka nikawa naona ovaroli tu.

Walionifikia hawakupungua kumi. Waliizunguka pikipiki, wakaona damu kwenye kiti na manyoya ya ng'ombe kwenye kamba ile, na kijana mmoja akasema tuichome. Aliyewaongoza alikuwa amejifunika mfuko wa mbolea dhidi ya mvua iliyoanza kudondoka. Akainama kwangu.

"Ng'wanawane, mwanangu, mwenye chombo hiki yuko wapi?"

"Amekwenda kwenye mwano."

"Amekwenda, au amekimbia?"

"Amekwenda. Ni baba yangu. Anatibu ng'ombe."

"Na wewe amekuacha hapa?"

Nikasema ndiyo, ameniacha. Yule mtu akazitazama nyayo za baba, mashimo makubwa yaliyoanza kujaa maji, yote yakielekea vilimani. Akamwambia yule kijana wa kuchoma abaki na mimi mpaka habari zijulikane, nao wengine wakaondoka mbio. Kijana akasimama na panga lake, anatazama vilima tu. Mimi nilitazama ziwa. Miguu yangu ilinisihi nikimbie. Nilikuwa mwepesi, yeye alikuwa na mabuti mazito yaliyojaa tope, na niliona kabisa jinsi ambavyo ningefika kwenye matete. Mvua ilininyeshea, ikakatika, ikaninyeshea tena. Sikutoka juu ya kile kiti.

Jua lilikuwa limeinamia ziwani baba aliporudi. Alikuwa katikati ya wanaume wengi, peku, nyayo zimechanwa na miiba, na alikuwa anacheka nao kicheko kikavu. Ng'ombe walikuwa wamepatikana mtoni, wezi walivuka. Waliing'oa pikipiki yetu kwa kamba ile ile, na yule kijana ndiye aliyevuta kwa nguvu kuliko wote.

Sasa pale pamepita lami, na bodaboda wanavuka mbuga wakiwa na abiria wawili na gunia la mpunga bila mtu kuinua kichwa. Mimi ninaishi Mwanza, nyumba yenye geti. Kelele za mwizi zikisikika mtaani namwambia binti yangu aingie ndani, nafunga, na kesho naulizia kilichotokea kwa muuza chapati. Tuna amani zaidi kuliko wakati ule, nadhani, ila kujuana kwetu ni afadhali ya bure tu. Binti yangu ametimiza miaka kumi na mmoja mwaka huu, na ndilo lililonifanya nimwendee baba Bukoba nimuulize, kwa hasira ambayo sikujua ninayo, kwa nini siku ile hakunibeba.

Alijibu bila kutafuta maneno, maana nadhani alikuwa nayo tayari miaka yote. "Ningekubeba, wangesema nimekimbia na kila kilicho changu. Mtu hatoroki akamwacha mwanawe. Wewe ndiye uliyekuwa shahidi wangu."

"Na kama ningekimbia, baba?"

Alizipapasa nyayo zake.

"Ndiyo maana sikugeuka nyuma," alisema.