Mzungumzaji wa Tisa

Mratibu wa mkutano ni mfamasia. Kazi ya programu huria, zile zinazoandikwa na watu wa kujitolea na kutumiwa bure na yeyote, huifanya mchana, katika chumba cha nyuma cha duka la dawa. Huandika kwa vidole viwili, na kabla ya kutuma ujumbe huusoma kwa sauti ya chini, midomo ikichezacheza. Siku wenye ukumbi walipojitoa na mkutano wa kimataifa wa waandishi wa programu hizo ukafutwa, wenzake walitaka litumwe tangazo moja kwa wote, yaishe. Akakataa katakata. Alichukua orodha ya wazungumzaji akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, amesimama, mkono mfukoni mwa koti jeupe.

Wa tisa alikuwa fundi redio mstaafu, aliyesahihisha makosa ya programu yao miaka saba bila kuonana na yeyote kati yao. Aliposikia mkutano umefutwa alisema, "Haya, mwanangu. Na mke wangu alishanipigia shati pasi." Mratibu akavuta kiti, akaketi. "Mzee wangu, mada yenyewe umeiandika?" "Kurasa sita." "Basi nisomee." Mzee akasoma, polepole mwanzoni, kisha akashika kasi. Wifi yake mratibu, anayeuza naye dukani, alichungulia kumwambia wateja wamejaa. Mratibu akamwonyesha kiganja asubiri, akaendelea kuandika hoja za mzee kwenye boksi tupu la dawa. Ukurasa wa sita ulipokwisha, mratibu akatazama alichoandika. "Ahsante sana," akasema. "Mimi nina maswali mawili."