Katoni Kumi za Magobore

Jamani, mimi ndiye ninayewahubiria wageni hapa Guangzhou wanunue kwa orodha, waache tamaa ya macho. Juzi nilimpeleka Mama Neema, mgeni kutoka Singida, kwenye maduka ya jumla ya Yide Lu. Nilimwonyesha mke wangu, kwa simu ya video, madaftari yaliyo kwenye orodha aliyonipa ya bidhaa za kununua, tukaagana, nikampa Mama Neema simu anishikie.

Ndipo nikayaona magobore ya plastiki, kila moja na fimbo yake ya kushindilia baruti mdomoni, kama lile la marehemu babu. Nikasahau madaftari.

“Haya yamo kwenye mpango,” nikamwambia Mama Neema, huku laoban, mwenye duka, akiandika katoni kumi.

Nikamimina baruti ya hewa, nikashindilia, nikapiga goti katikati ya wanasesere, nikalenga dari. Laoban akapiga makofi. Nilipogeuka, Mama Neema alikuwa anacheka mpaka machozi, simu kanielekezea mimi.

Sikuwa nimeikata. Sauti ya mke wangu ikatoka humo, ya upole kabisa: “Baba Rehema, hilo gobore ni namba ngapi kwenye orodha yangu?”