Mnaotaka kurahisisha siku ya kujaza pombe kwenye chupa, someni kwanza yaliyotupata Koboko

Wakuu, habari za humu.

Wiki hii nimeona nyuzi mbili za vijana wanaopika pombe nyumbani, na wote wanauliza kitu kimoja: nifanyeje siku ya kujaza chupa iwe rahisi? Chini yake wataalamu wamejipanga na mipira, funeli na mashine za vizibo.

Nimesoma zote. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Basi nawapa niliyoyaona kwa macho yangu. Chumvi sitaongeza, kwa sababu waliokuwepo wengi wako hai, na mmoja wao anapenda sana kusoma humu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nakaa Pajulu, nje kidogo ya Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kwa shangazi yangu Ayikoru. Shangazi alikuwa anapika kwete, ile pombe yetu ya mahindi na wimbi. Mtu akikuambia hajui kwete ya Ayikoru, ujue huyo ni mpita njia.

Mwanawe Ezati alikuwa amepata mchumba Koboko, binti anaitwa Kiden. Baba yake Kiden alikuwa sajini wa zamani wa jeshi. Familia ile ilikimbilia ng'ambo ya mpaka mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoangushwa, na waliporudi, walirudi na tabia ya kutomwamini mtu haraka. Siwalaumu.

Wazee wetu walishakwenda mara mbili, wakarudi na jibu la "tutaona".

Safari ya tatu ilikuwa ya mwisho. Tunapeleka pombe. Ikinywewa, mazungumzo ya ndoa yanaanza. Isiponywewa, Ezati akatafute kwingine. Sajini alikuwa ameshasema hivyo mbele ya watu.

Shida ikawa barabara. Kwete ikisafiri kwenye mtungi kutoka Arua mpaka Koboko, kwa mashimo ya wakati ule, nusu inafika na nusu inabaki kwenye suruali ya aliyeushika.

Hapo ndipo akaingia Anguyo.

Anguyo ni mdogo wake mume wa shangazi. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika kiwanda cha soda huko Kampala. Kazi gani, hakuwahi kusema wazi. (Nilifuatilia baadaye. Alikuwa anapakia kreti kwenye gari.) Lakini alirudi nyumbani na neno moja tu mdomoni: sistimu. Hata kuku wakitawanyika uani, Anguyo alisema hawana sistimu.

"Mama Ezati, hii kazi yako ya kata na funeli iko ya zamani," akamwambia shangazi kwa Kiswahili chetu cha kule. "Mimi nitafanya kwa sistimu. Asubuhi tunaanza, saa sita tunamaliza."

Alikuja na mpira mwembamba wa maji, chupa za bia zipatazo arobaini, mfuko wa vizibo vilivyookotwa kwenye mabaa na kunyooshwa kwa nyundo, na mashine. Mashine yenyewe alichomelewa na fundi wa vyuma Onduparaka: bomba, springi ya gari, na mkono wa baiskeli juu. Ukiweka chupa chini na kukandamiza, kizibo kinabana.

Sasa niwe mkweli. Ule mpira ulifanya kazi.

Mtungi unauweka juu ya meza, chupa chini. Mpira usiguse tope la chini, uache kama upana wa kiganja. Unavuta kwa mdomo mara moja, pombe inashuka yenyewe, chupa ikikaribia kujaa unabana kwa kibanio cha nguo na kuhamia nyingine. Hakuna kumwaga, hakuna kuinama kuchota kwa kata. Hilo lichukueni, halina ubaya.

Aliyevuta kwa mdomo ni mimi. Anguyo alisema ana vidonda vya tumbo. Siku nzima hakuonja hata tone. Nililiona hilo, nikalihifadhi kichwani, nikapita. Mimi niliyekuja kuwa mwandishi wa habari, naona kitu na sikiulizi.

Shangazi yeye alikuwa anaosha chupa kwa mchanga na majivu, na kila moja anainusa kabla ya kuipitisha. Zama zile chupa ya bia ikishanywewa ilikuwa inabeba chochote: asali, dawa ya ng'ombe, mafuta ya taa. Pua ndiyo ilikuwa kipimo.

Anguyo akakosa uvumilivu. "Wewe nanusa kama mbwa ya polisi. Hii inachelewesha sistimu."

Chupa za mwisho, kama sita hivi, akazisuuza yeye mwenyewe haraka haraka na kunipa.

Shangazi alizitazama zile chupa zilizopangwa ukutani. Akauliza swali moja tu.

"Shemeji, na hii chupa yote, nani ataonja?"

"Kiwandani iko maabara," Anguyo akajibu.

Tukacheka. Na mimi nilicheka. Shangazi akarudi kwenye majivu yake.

Saa sita kamili tulikuwa tumemaliza. Anguyo alitembea uani mikono nyuma kama meneja.

Kesho yake tukapanda lori la tumbaku. Kwete ni pombe hai, haijui kwamba imefungwa, inaendelea kuchemka, yaani kuchachuka na kutoa gesi. Kabla ya Koboko chupa mbili zilikuwa zimepasuka. Mnadhani Anguyo aliona haya? Alisema huo ndio ushahidi kwamba vizibo vimebana vizuri.

Tukapokelewa. Mikeka, salamu ndefu, majirani Waislamu nao wakaja kukaa na kusikiliza, wao wakapewa chai. Shangazi akapelekwa kukaa nyuma na akina mama. Anguyo akakaa mbele, na kreti.

Ndipo akagundua hana opena.

Wakuu, sistimu nzima, mpira, springi ya gari, na hakuna opena. Ezati ndiye alifungua chupa ya kwanza. Bwana harusi mtarajiwa, kwa meno, mbele ya mama mkwe.

Anguyo akamimina kwenye bilauri, akaipeleka kwa sajini kwa mikono miwili. Sajini hakuipokea. Aliokota kizibo chini, akakigeuza.

"Hii kizibo iko ya bia. Ndani iko kama uji. Nani nafunga?"

"Mimi mwenyewe, mzee. Kwa mashine."

"Vizuri. Kunywa."

"Mimi hapana kunywa, mzee. Tumbo iko na kidonda."

Sajini akawageukia majirani zake. "Munasikia? Mutu nafunga pombe, yeye mwenyewe naogopa."

Hapo nikaelewa shangazi aliuliza nini. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni, kumwonyesha kwamba ndani hamna sumu. Mtoto mdogo anajua. Lakini tumezoea mtungi: anayepika anakunywa kata moja, basi, mtungi wote umeonjwa. Inafanyika haraka hata huioni. Sisi tulikuwa tumeugawa mtungi mmoja kuwa mitungi arobaini, na kila mmoja tumeufunga kizibo.

Mzee wetu mmoja akajitolea, akanywa ile bilauri. Sajini akavuta chupa nyingine kutoka chini ya kreti. "Hiyo umeonja. Na hii?"

Mimi nikajitia ushujaa. "Mzee, mimi nilionja zote, nilivuta kwa mpira."

"Wewe naonja Arua. Mimi niko Koboko."

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kutusaidia. Ezati alikuwa anatazama mkeka. Kiden alionekana mlangoni, kisha hakuonekana.

Shangazi akainuka huko nyuma bila kuitwa. Akamwomba mama yake Kiden mtungi mtupu na kata. Akapiga magoti katikati ya mkeka.

"Fungua," akamwambia Ezati.

Chupa moja baada ya nyingine: kwa meno, kwa bawaba ya mlango, kwa panga. Kila moja aliinusa, kisha akaimwaga mtungini. Watu wote wanatazama pua ya shangazi.

Karibu na mwisho akanusa moja, akasita. Akainusa tena. Hakuimwaga. Aliiweka chini mbele ya Anguyo.

Mafuta ya taa. Hata mimi pale nilipokaa nilisikia harufu yake.

"Hii iko ya shemeji yangu," akasema. "Yeye hapana kunywa, haiwezi kumudhuru."

Sajini ndiye aliyeanza kucheka, mpaka akajifuta macho. Shangazi akachota kata, akanywa yote, akaigeuza waone chini. Akachota ya pili, akampa.

Akanywa.

"Hii nyumba iko na mutu ya kunusa," sajini akasema. "Sasa leta maneno yenu."

Maneno yakaanza. Ezati na Kiden leo wana wajukuu.

Kazi ya asubuhi nzima ya Anguyo ilirudi mtungini kwa muda wa kunywa chai. Mashine yake ipo mpaka leo Pajulu; inazuia mlango wa banda la kuku.

Nilichojifunza: tumia mpira, bana kwa kibanio, osha chupa mapema, na nusa kila moja hata ukiitwa mbwa. Kama pombe bado inachemka, ziba kwa gunzi la mahindi lipitishe hewa. Lakini kabla ya hayo yote mtafute anayeijua pombe na atakayeinywa, umuulize. Sisi tulikuwa naye, tukampa majivu aoshe chupa.

Haya, uwanja wenu. Mnirekebishe, mniponde, mlete na mashine zenu. Ila ukileta mashine, anza kwa kutujibu hili: wewe mwenyewe pombe yako unainywa?