Enzi Ambazo Mwanamume Hakuwa na Nyumba

Sisi tuliokua Lodwar wakati mji ni barabara moja na vumbi lake, tulijua jambo moja bila kufundishwa na mwalimu yeyote: mwanamume hana nyumba. Ana mbuzi, ana ngamia, ana fimbo, ana kigoda chake cha kukalia mchana na kulalia kichwa usiku, na maneno ya kusema kwenye kikao anayo mengi. Nyumba hana. Nyumba ni ya mwanamke, kwa sababu yeye ndiye aliyekata matawi, akayachimbia, akayakunja, akayafunga na kuyaezeka. Mwanamume akiingia, ameingia kwa mtu. Vijana wa leo nikiwaambia hivi wanacheka kwa adabu, halafu wanarudi kwenye simu kutazama picha za mabati ya rangi.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka hata tulivyocheza. Wavulana waliokota mawe kwenye laga, ule mto wa msimu, ukishakauka. Jiwe kubwa ngamia, jiwe dogo mbuzi. Sisi wasichana tulijenga vijumba vya vijiti, tukaviezeka kwa nyasi na matambara. Mvulana akimaliza kuchunga mawe yake alikuja akasimama nje ya kijumba, akasema "Ejok", salamu yetu, akangoja kujibiwa. Kama umemkasirikia humjibu, na anabaki hapo juani na mifugo yake. Hakuna aliyeona ajabu. Watoto wetu wa sasa wanacheza nini? Wanapigana risasi ndani ya simu, na kubisha hodi hawajui, wanaingia tu kama kuku.

Mama yangu alikuwa fundi wa nyumba hasa. Kiangazi tulifuatana naye kando ya mto Turkwel kukata majani ya mkoma, na sisi watoto tulikuwa tunaguguna matunda yake, yale ya kahawia yenye utamu mkavu, mpaka fizi zinauma. Mama alinuka moshi na mafuta ya mbuzi. Alifunga fundo kwa mkono mmoja na meno, na fundo lake halikufunguka mpaka likatwe. Chakula chetu kilikuwa mahindi ya manjano ya msaada, na siku ya bahati samaki mkavu wa Kalokol, ziwani, ambaye harufu yake ilifika nyumbani kabla ya aliyembeba. Tukiwa tumezunguka sufuria, mama alipenda kusema, "Mwanamume ni mgeni anayejua njia." Baba alikuwa palepale, anasikia, anacheka, anaomba aongezewe mchuzi.

Baadaye mji ulipoanza kutusogelea, mama aliamua kujenga nyumba ya kukaa, isiyohamishwa. Aliijenga na wanawake wenzake. Walifyatua matofali ya udongo wao wenyewe, wakayapanga juani, na mimi nilitumwa kuchota maji mpaka kichwa kikapata upara katikati. Kuta walizifanya nene, dirisha dogo, na juu wakaezeka majani ya mkoma tabaka kwa tabaka. Mlango waliuweka upande wa machweo, maana upepo wetu mnaujua: unatoka mashariki, upande wa ziwa, umejaa mchanga, na asubuhi hauna huruma. Ndani mle, mchana wa jua la kuchoma, ungeweza kulala usingizi ukatoa mate. Nilisomea mtihani wangu humo. Baba alifia humo. Hakuna siku mtu alisema ni nyumba ya baba.

Sasa sikilizeni ya leo.

Mimi na Baba Ekai, mume wangu, tuliishi Kakuma miaka mingi. Yeye alikuwa mtunza stoo wa shirika moja la msaada, mimi nikiuza nguo sokoni. Alipostaafu tulirudi Lodwar, kwenye kiwanja cha mama. Tukajenga chumba kimoja cha mawe pembeni, cha sisi wawili. Nyumba ya mama yenyewe ilikuwa imechoka. Mafuriko yalikuwa yamekula ukuta mmoja, mchwa wamekula mbao za paa, na mama alikuwa amehamia Lorugum kwa ndugu yangu. Alituambia wazi kabisa: itengenezeni, nataka kurudi kulala kwangu kabla sijafa. Hilo tu. Mama amezeeka, macho yanakwisha, na kitu alichoomba ni kulala kwake.

Mwanzoni kazi ilikuwa tamu, siwezi kukataa. Asubuhi tulikuwa tunabandua plasta ya zamani sisi wawili, tumejifunga vitambaa puani, tumekuwa weupe kwa vumbi kama mandazi kwenye unga. Baba Ekai alikanyaga tope kwa miguu, suruali ameikunja magotini, na mimi nikimcheka kwamba tumbo ndilo linalomwangusha. Alinipikia chai yenye majani mengi kuliko maji. Niliwaza, kumbe uzee na mtu wako si mbaya.

Halafu akaleta fundi. Fundi alitoka down, kule kusini ambako sisi Waturkana tunakuita Kenya, na walifahamiana Kakuma, ambako alikuwa amejenga maduka. Si mtu mbaya. Mchapakazi, wala si mlevi hata kidogo. Lakini siku ya kwanza nilimwambia ukuta ule usiubomoe, uuzibe tu, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa vizuri, kisha akageuka nyuma yangu akauliza, "Mzee anasemaje?"

Mzee! Mzee ambaye hajawahi kufunga hata fundo la kamba ya mbuzi likashika. Nikangoja mume wangu aseme, muulize mwenyewe. Yeye ni Mturkana kama mimi, amezaliwa ndani ya nyumba iliyojengwa na mama yake, anayajua haya yote. Baba Ekai akajikohoza, akaweka mikono mgongoni, akasema ubomolewe.

Basi kuanzia hapo nikawa mtu wa kuleta maji. Nikisema majani ya mkoma yarudishwe, naambiwa ni ushamba na nyumba za Kakuma zote ni mabati. Nikisema mabati kwa jua hili ni kuoka watu, naambiwa kutawekwa silingi chini yake kuzuia joto. Nikisema dirisha dogo ndilo linaloleta ubaridi, fundi anacheka kwa heshima na kumtazama mzee. Vijana wa jirani walikuja kusifia, ati sasa kutakuwa na sebule ya kupigia picha. Na siku moja nimetoka sokoni nikakuta ukuta wa mashariki umetobolewa tundu kubwa, mlango mpya umeelekea barabarani ili wapitao waone, na mlango wa mama umeanza kuzibwa. Niliuliza nani amesema. Fundi akanijibu bila ubaya wowote kwamba mwenye nyumba amesema.

Nilikasirika. Nilimwendea Baba Ekai, nikamwambia nyumba hii ni ya mama, na mlango huo utaingiza mchanga wa ziwa lote. Akanijibu kwamba pensheni iliyoingia humo ni yake, na mwenye kujenga ndiye mwenye nyumba. Angalia maneno hayo yalivyo kinyume. Alikuwa amechukua sheria ya mama zetu, akaivua nguo ya mwanamke, akaivaa yeye. Tukanuna. Tukala kila mtu na sahani yake.

Habari zikafika Lorugum, maana habari zetu zinapanda pikipiki. Mama hakungoja kuitwa. Asubuhi moja pikapu ilisimama barabarani akashushwa, fimbo mkononi, ngozi yake ya kulalia imekunjwa kwapani. Baba Ekai alitoka mbio, amefurahi kweli, maana yeye anamheshimu sana mama mkwe wake. Akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, akasema, "Karibu, mama. Karibu ndani ya nyumba yangu."

Mama akasimama. Akayaangalia mabati yanayowaka, akauangalia mlango ulioelekea barabarani, au tuseme alielekeza macho yake huko.

"Yako?" akauliza. "Basi mimi nitalala wapi?"

Mnajua kwamba kwetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwe wake. Afadhali alale porini. Ingekuwa ni nyumba yake, au yangu mimi bintiye, angeingia na kujitupa chini akapumzika. Lakini ameshaambiwa ni ya mkwe, tena na mkwe mwenyewe, kwa mdomo wake. Mama akazunguka, akatandika ngozi yake kwenye kivuli chembamba cha uzio, akaketi akiipa mgongo nyumba aliyoifyatulia matofali. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Kisha nikafuta uso, nikachukua panga, nikawaita wanawake wa jirani. Wale wa umri wangu walikuja bila kuuliza mara mbili. Wasichana wao walikuja na kucha za rangi, wakasimama, wakashika tawi kama mtu ashikaye nyoka, na mmoja akajaribu kufunga fundo la viatu. Tuliwaonyesha. Tukachimba mashimo kwa mduara, tukasimamisha matawi, tukayakunja yakutane juu, tukafunga, tukaezeka majani ya mkoma mabichi yanayonukia. Mikono yangu, ambayo nilidhani imesahau, haikuwa imesahau kitu. Mama alikataa kukaa. Alikuwa anapapasa kila fundo kwa vidole, na lililolegea alilifungua akalifunga upya kwa mkono mmoja na yale meno machache yaliyobaki, akinigombeza kama nina miaka kumi. Fundi aliacha mwiko wake kwenye ndoo, akaja kutazama, na safari hii hakuwa na wa kumuuliza lolote.

Jua lilipozama mama alikuwa ndani ya kijumba chake, na mimi pamoja naye. Baba Ekai, kwa ukaidi, akahamishia kitanda chake ndani ya ile nyumba ya mabati, kuonyesha kwamba nyumba ni nzuri.

Nyie, upepo ni shahidi asiyehongwa. Asubuhi uliingia kwa ule mlango wa fahari kama umealikwa. Ukajaza mchanga kitandani, kwenye kikombe, kwenye nywele zake chache. Akafunga mlango, mabati yakaanza kupiga kelele na joto likampanda. Akafungua, mchanga ukarudi. Kufika mchana alikuwa ameketi kizingitini, fulana imelowa, anatazama kijumba chetu chenye ubaridi ambacho hawezi kukisogelea, kwa kuwa mama mkwe wake yumo. Nilimwona, na namwambia kila mtu ukweli: sikumwonea huruma.

Alasiri alikuja hadi mahali anaporuhusiwa kufika, akasimama. Mume wangu si mtu wa kuomba radhi. Alikwangua ardhi kwa kiatu kwa muda.

"Ejok, Mama Ekai," akasema. "Nyumba ni yenu. Wewe na mama yako."

"Usiniambie mimi," nikamjibu. "Kamwambie fundi."

Aliondoka. Nikamsikia kule akiongea kwa sauti ya chini, na fundi akishangaa. Kesho yake fundi alikuja mpaka kwenye kijumba, akavua kofia, akauliza mama angependa mlango uwe upande gani. Mama akanyoosha fimbo kuelekea machweo. Mabati yatashuka, majani ya mkoma yatapanda, tundu la mashariki litazibwa, na mama atalala kwake. Mimi na mume wangu tumeanza tena kula sahani moja. Ananitania, namtania. Watu wananiambia nimeshinda, nifurahi.

Sijafurahi, na sitaki kudanganya. Nyumba ile iliwahi kukaliwa na mwanamume mwingine kabla ya Baba Ekai. Baba yangu alikula humo, akaugua humo, akafa humo, na katika maisha yake yote hakupata kumwambia mama, "Nyumba ni yako," maana halikuwa jambo la kusemwa. Mama hakupata kuyasikia maneno hayo mpaka amezeeka na macho yamekwisha, akiwa amekaa ndani ya kijumba cha matawi, yakisemwa na mkwe aliyelowa jasho. Majirani wanayasifu, ati ni maneno mazuri ya mume wa kisasa. Enzi zile mwanamume angeyasema, tungedhani jua limempiga kichwani.