Dona Kwenye Msiba wa Dada

Kwetu Kinyala, palipo na msiba kila mwanamke huja na bakuli la unga na kulimwaga kwenye gunia moja, wapikiwe waombolezaji. Kwenye msiba wa dada yangu mkubwa, bakuli langu lilikataliwa.

Nilikuwa nimeleta dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Mwenyekiti wetu wa akina mama alikunja mdomo wa gunia kwa mikono yote miwili.

"Mama, huu utatuharibia sembe yote," alisema. "Wageni waliotoka Suma wakiona ugali mweusi watasema tumefulia. Pumba ni za nguruwe."

"Basi nguruwe wametuzidi akili," nilimjibu.

Nilikuwa na hasira, na hadi leo siombi radhi. Mimi na dada tulikuwa wanene, tukisifiwa kwamba waume zetu wanatutunza. Ugonjwa wa sukari ulipompata dada, nesi alituambia sote wawili tupunguze ugali na tuache kukoboa mahindi, maana mashine huondoa ganda na kiini, tukabaki na wanga mtupu unaopandisha sukari upesi. Mimi nilisikia. Dada aliona aibu kumwekea mumewe na wageni dona, na kupika sufuria mbili kila siku kulimshinda. Akala sembe pamoja nao. Alikatwa mguu, kisha tukamzika. Sisemi dona ingemponya. Nasema aibu ile ilimharakisha. Mimi nakula kidogo, naenda shambani kwa miguu, na gauni langu nimelipunguza kiuno mara mbili.

Basi pale msibani nikaomba sufuria, nikapanga mafiga yangu kando ya jiko lao, nikasonga dona yangu kwenye manyunyu. Waliocheka niliwaacha wacheke. Nikakaa na maharage yangu na majani ya maboga, nikala mbele ya watu wote.

Shemeji, mume wa marehemu, alitoka kwenye turubai la wanaume, tumbo likimtangulia. Mwenyekiti akamkimbilia na sahani ya ugali mweupe na nyama. Shemeji akampita, akaja kuketi kando yangu, akamega tonge kwenye sahani yangu.

"Ndaga, shemeji," alinishukuru. Alitafuna muda mrefu. "Na mimi ninayo sukari, tangu mwaka jana. Nilimficha dada yako. Ningemwambia, tungekula hii sote wawili."

Sikumfariji. Nilimsogezea sahani, nikamwambia ale.