Risha ya Kunguru

Kazi yangu ukiwaeleza Waswahili wa Houston, wanacheka. Wenzangu wanaendesha malori, wanauguza wagonjwa, wanauza magari. Mimi natengeneza vinanda ambavyo Wazungu wengi wenyewe wameshavisahau. Karakana yetu iko Alief, nyuma ya duka linalouza unga wa ugali na mawese. Mwenyewe ni mzee wa Kimarekani aliyeniajiri siku nilipomshushia mbao kutoka kwenye lori nikashindwa kuondoka. Tunaiga hapsikodi za kale za Ulaya: tunapima cha zamani, tunakata mbao vilevile, tunavuta nyuzi za shaba vilevile. Piano hugonga nyuzi zake, hapsikodi huzidonoa. Ukibonyeza kibonye, kijiti chembamba kinapanda, na ncha iliyopachikwa ubavuni mwake inaudonoa uzi ikapita zake.

Baba yangu, kule Mombasa, alikuwa karani wa bandarini siku za kazi na mpiga udi siku za harusi. Kwa miaka mingi, kila nikimpigia simu, aliniuliza nitapata lini kazi. Siku moja, kwa kukosa la kusema, nikamwambia kwamba mafundi wale wa zamani walidonolea nyuzi zao unyoya wa kunguru.

"Risha?" akauliza.

Wapiga udi ndivyo wanavyokiita kile wanachopigia nyuzi, na kwa Kiarabu neno lenyewe maana yake ni unyoya.

"Risha, baba. Hasa."

"Kumbe wafanya kazi ya maana! Miaka yote hii nilidhani waranda makabati."

Nikamwambia kwamba huku kuokota hata unyoya mmoja wa kunguru ni kuvunja sheria, kwa hiyo sisi tunatumia plastiki. Alicheka mpaka akakohoa. "Kunguru? Hawahawa wanaotuibia samaki?"

Tangu siku hiyo akawa haendi soko la samaki ila anarudi na manyoya mfukoni. Aliyaosha kwa sabuni ya unga, akayaanika darini pamoja na kanzu zake, majirani wakaanza kunong'ona kwamba mzee ameingia uganga. Aliyapanga, ya bawa la kulia mbali na ya kushoto mbali, akayatia kwenye kopo la halua. Kopo akampa dada yake, shangazi yangu, aliyekuwa anakuja Katy, nje kidogo ya Houston, kuwaona wajukuu. Mimi hakuniambia lolote mpaka shangazi alipokwisha ondoka.

Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Kabla salamu hazijaisha alinishika mkono. "N'samehe, mwanangu. Kulikuwa na mama mmoja njiani, pale tulipobadilisha ndege, akasema Marekani hata embe wakutoza faini. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Mie wa kunguru n'meutupa chooni, n'kaukimbiza wangu."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Siku ile sikucheka. "Shangazi, unge-declare tu! Wangeyachukua, basi. Nobody angeku-arrest."

"Na wangenirudisha je?"

Nili-drive mpaka Katy redio ikiwa juu ili nisiseme nitakalolijutia. Nilijua fika kwamba hata angeyafikisha, yangechukuliwa palepale mezani. Lakini lile kopo lilikuwa kitu cha kwanza ambacho baba alikifanya kwa ajili ya kazi yangu, na sasa liko ndani ya pipa la taka la choo katika nchi ambayo hata sijawahi kuikanyaga.

Baba hakukasirika hata kidogo. "Kunguru hawajaisha," akasema. "Njoo uchukue mwenyewe."

"Bora uje wewe huku, baba."

"Nije niulizwe safari ya nini, niseme manyoya? Watanifunga na wendawazimu. Wewe njoo, na hicho kijiti chako. Nitakukatia risha, uipachike, niisikie inavyolia. Nikishaisikia mara moja tu, sina tena nikutakalo."

"Mwakani, inshallah," nikamwambia.

Tulikuwa tumepokea kazi kubwa, hapsikodi ya safu mbili za vibonye, ya kanisa moja la mji wa Plano. Unyevu wa Houston ukazivimbisha mbao, ubao wa sauti ukapasuka, tukaanza upya. Mwakani ikazaa mwakani. Ngojangoja huumiza matumbo, wamesema, ila mimi nilikuwa na kazi na aliyeachiwa matumbo ya kuumia alikuwa mwingine.

Kwenye simu baba akaanza kugomba. "Sema kwa nguvu! Simu yako mbovu!" Nikabadilisha kampuni ya simu. Nikamnunulia simu mpya, kisha nyingine kubwa zaidi. Mimi nala kwa masikio yangu; kutwa nzima nasikiliza uzi mmoja umepishana vipi na mwenzake, kwa tofauti ambayo mtu mwingine hawezi kuitambua. Na baba yangu mwenyewe nilikuwa nikimwuliza habari ya mguu wake, akinijibu bei ya samaki changu, nami nikaitukana simu. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Siku tuliyoifikisha ile hapsikodi Plano, mpigaji wa kanisa akakaa kuijaribu, nami nikampigia baba kwa video, nikaishika simu karibu na nyuzi.

"Naona vidole," baba akasema. "Vyakimbia kama kaa. Sauti haipo."

Niliisogeza simu mpaka ikakaribia kuingia ndani ya kinanda. Mzee wangu wa karakana alinitazama, akatazama pembeni.

"Maa shaa Allah, kizuri," baba akasema, kwa upole wa mtu anayemsifia mwenyeji chakula asichokionja. "Lakini sauti haipo. Hii simu nayo mbovu."

Shangazi, ambaye alikuwa amesharudi Mombasa, akamnyang'anya simu akatoka nayo ukumbini. "Mwanangu, simu ni nzima. Mie naisikia toka jikoni. Ni masikio yake."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Alitukataza kukwambia. Alisema utaiacha kazi, na kazi yenyewe ndiyo kwanza aielewe."

Nilirudi Houston nikiwa nimekaa upande wa abiria, kwa kuwa mzee alikataa kunipa ufunguo.

Safari hii sikusema mwakani. Nilitia kijiti kimoja cha hapsikodi katika mfuko wa shati, nikapita nacho viwanja vyote vya ndege mpaka Mombasa na hakuna aliyekiulizia. Baba alikuwa na kopo jingine, limejaa, limepangwa vilevile. Alichagua unyoya mmoja, akauchonga kwa wembe polepole, akaupuliza, akanipa. Nikaupachika. Hapsikodi haikuwepo, basi nikauteremsha udi wake ukutani, nikautia mapajani mwangu, nikaukaza uzi mmoja.

Baba akanisogelea. Alinigeuzia sikio lake la kulia, ambalo walisema ndilo zima kidogo, akafumba macho, akainua kiganja kama alivyokuwa akiwanyamazisha watu harusini kabla ya kuanza kupiga.

Nikakishika kijiti, nikaudonoa uzi. Ulilia sauti kavu mwanzoni, kisha ikafunguka, ikajaa chumba kizima. Plastiki haijawahi kunipa sauti ile, wala sijui kama itanipa. Nikadonoa tena, kwa nguvu zaidi.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la kahawa. "Tamu hiyo," akasema.

Baba hakufumbua macho. Kiganja chake kilikuwa bado juu.

"Piga basi, mwanangu," akasema. "Nangoja."