Mshipi wa Kogo Kinamasini

Moshi wa kuni za blugamu, ile mikaratusi, una harufu tamu kidogo, ya kuwasha pua. Kila asubuhi hushuka kutoka kiwanda cha chai huko juu na kulala bondeni pamoja na ukungu. Tangu tumzike baba, nikiusikia namwona na jembe begani, akikitazama kinamasi chetu kama mtu anayechagua ng'ombe sokoni.

Kinamasi kilikuwa chini ya shamba letu la chai, karibu na Kiptere. Majirani walikuwa wameshachimba mitaro, wakakausha vyao na kupanda blugamu, kwa kuwa kiwanda kilinunua kuni. Baba naye akaamua. Shida ilikuwa kong'ony, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani. Wawili walikuwa wameangua mayai kwenye matete, na vifaranga hawakuwa wameweza kuruka.

Kogo, mama yake baba, alizaliwa katika ukoo ambao mnyama wake ni kong'ony. Kwake, wale hawakuwa ndege tu.

"Kipkorir, unataka kufukuza wajomba zako?"

"Wajomba gani, mama? Hawa wanafukua mahindi yangu nikishapanda!"

"Kwani mjomba akija kwako hali?"

Vibarua waliokuja kuchimba wakacheka. Baba hakucheka. Akainua jembe.

Hapo kogo akatoa chini ya shuka lake leketyet, ule mshipi wa ngozi ulioshonewa simbi, aliojifunga tumboni kila alipozaa. Akaulaza kwenye nyasi, pale mtaro ulipopaswa kuanzia. Kwetu hakuna mtoto anayevuka mshipi wa mama yake. Vibarua waliokota sweta zao, wakaenda bila kuaga.

"Utautoa lini?" baba akauliza.

"Watoto wakiruka."

Mvua ikaunyeshea mshipi, jua likaukausha. Kila jioni, baada ya kupimisha majani chai, baba alishuka kuangalia, nami nyuma yake. Mwanzoni aliwagombeza vifaranga: "Rukeni basi, mnanichelewesha." Baadaye akaanza kuwajua mmoja mmoja. "Huyu mdogo ni mvivu kama shemeji yangu." Siku mbwa wa jirani alipoingia kwenye matete, baba alimfukuza mpaka barabarani, na gambuti yake moja ikamvuka mguuni, ikabaki kwenye tope.

Halafu asubuhi moja wakaruka, yule mvivu wa mwisho, wakazunguka juu ya chai wakilia. Kogo akaokota mshipi wake, akaupangusa.

"Haya," akasema. "Sasa chimba."

Baba akakuna shingo. "Mpini wa jembe umelegea."

Kogo akamtazama kidogo. "Pole," akasema, akapanda nyumbani.

Mimi nilimwamini. Nikahangaika vichakani mpaka nikapata mti ulionyooka, nikamletea. Akausifu sana, akauegemeza nyuma ya jiko, ukaota uyoga hapo hapo. Niliudhika, maana viazi alilima kwa jembe lile lile.

Kinamasi bado kipo, na kong'ony wako humo. Miaka mingi niliwaambia watu kwamba mshipi wa kogo ndio ulikiokoa. Nilikuwa nimeshazaa watoto wangu nilipoona kwamba siku ile ya mpini mshipi ulikuwa umeshaokotwa. Hakuna kilichokuwa kinamzuia baba tena, ila yeye mwenyewe, na aliona haya kutuambia.